Kadi Isiyo na "Ili" Usiijenge

"Kama mtumiaji, nataka kitufe cha kuhifadhi ili niweze kuhifadhi."

Ukipita kwenye ofisi za watengeneza programu, iwe Kijitonyama au Kilimani, hutakosa kadi ya namna hii ubaoni. Imefuata muundo uliofundishwa darasani: mhusika yupo, hitaji lipo, sababu ipo. Isome tena, utaona haijasema kitu. Mtumiaji huyo ni nani? Anahifadhi nini, na asipohifadhi anapungukiwa na nini? Aliyeiandika alikuwa anajaza fomu. Mwenzake atatengeneza kitufe, kitafanya kazi, mjaribu atakipitisha, kadi itahamishiwa upande wa "imekamilika". Miezi mitatu baadaye mteja atauliza kwa nini amelipia kitu ambacho wafanyakazi wake hawakigusi.

Makala hii nawaandikia wanaoandika kadi hizo. Wengi wenu mko kwenye timu ndogo ambako mchambuzi wa mfumo ndiye huyohuyo mwandishi wa programu, na jioni ndiye anayepokea simu za wateja. Ninachotaka kuwaambia ni kwamba kwenye stori ya mtumiaji, sababu ndiyo inayobeba mzigo. Mhusika unaweza kumrekebisha, hitaji unaweza kulibadilisha kabisa, lakini kama hujui "ili" yake, bado huna kazi ya kumpa mtu aijenge.

Stori hizi hazikubuniwa ziwe nyaraka. Zilikomaa kwenye mradi wa mfumo wa mishahara wa kampuni ya magari ya Chrysler, Marekani, ambako Kent Beck aliitwa mwaka 1996 na ambako mtindo wa kazi uitwao Extreme Programming ulipata umbo lake. Mtu anayejua mambo ya mishahara alikaa na waandishi wa programu, na kadi ilikuwa kipande cha karatasi ngumu kisichotosha maelezo marefu, kwa hiyo watu walilazimika kuulizana. (Mradi wenyewe ulisitishwa mwaka 2000. Mbinu imeishi kuliko mfumo ulioizaa.) Alistair Cockburn aliiita kadi ahadi ya mazungumzo. Ron Jeffries, aliyekuwa kwenye mradi huohuo wa Chrysler, alieleza mwaka 2001 kwamba stori ina sehemu tatu: kadi, mazungumzo na uthibitisho. Muundo wa "Kama fulani, nataka kitu fulani, ili nipate kitu fulani" ulitoka mwaka huohuo katika kampuni ya Connextra ya London, na kazi yake ilikuwa kumkumbusha mwandishi asisahau kuuliza nani na kwa nini. Sisi tumeugeuza kama fomu ya kuomba kitambulisho: ukiacha nafasi wazi unarudishwa dirishani, basi unaandika chochote.

Tuchukue kazi halisi ambayo vijana wengi wa teknolojia hapa kwetu wameigusa au wataigusa, yaani programu ya simu ya kikundi cha hisa. Nazungumzia vikundi vinavyofuata utaratibu ambao shirika la CARE lilianza nao nchini Niger mwaka 1991, ukasambaa Afrika nzima, na ambao kwa Tanzania unafahamika sana kupitia VICOBA na ndugu zake. Wanachama wanakutana, kwa kawaida kila wiki, na kila mmoja ananunua hisa moja hadi tano. Kuna mfuko wa jamii wa misiba na magonjwa. Kuna mikopo. Mzunguko ukiisha, mara nyingi baada ya mwaka au chini yake kidogo, sanduku linafunguliwa na kila mtu anachukua chake pamoja na faida.

Mwandishi wa programu anakutana na mweka hazina, anaona madaftari yaliyochakaa, anarudi ofisini na kuandika: "Kama mweka hazina, nataka kuingiza hisa za wanachama kwenye simu ili zihifadhiwe haraka." Inasikika vizuri. Hata mwenyewe mweka hazina akiulizwa atasema ndiyo, maana nani anapenda kuandika kwa mkono?

Sasa ahudhurie mkutano mmoja, akae nyuma, anyamaze. Sanduku lina kufuli tatu, na funguo zake wanazo watu watatu tofauti, ambao si viongozi. Mmoja akikosekana, sanduku halifunguki. Mwanachama anaitwa kwa namba, anasogea mbele, anatoa pesa. Wahesabu fedha wawili wanahesabu kwa sauti na kutaja kiasi mbele ya wote. Kitabu chake kinagongwa mihuri, mmoja kwa kila hisa. Akinunua hisa tatu, zile nafasi mbili zilizobaki kwenye mstari wa siku hiyo zinakatwa kwa kalamu pale pale. Mkutano ukikaribia kwisha, kiasi kilichomo sandukuni kinatajwa na watu wanatakiwa kukikumbuka mpaka mkutano ujao.

Kwa macho ya mtu wa programu, huo wote ni ucheleweshaji. Kwa wanachama, ucheleweshaji huo ndiyo ulinzi wao. Nafasi zinakatwa ili mtu asije kuongeza muhuri nyumbani usiku. Kiasi kinatajwa kwa sauti ili bibi asiyejua kusoma awe mkaguzi wa hesabu sawa na katibu aliyemaliza kidato cha nne. Programu inayomwezesha mweka hazina kuingiza hisa peke yake, haraka, akiwa sebuleni kwake, imeondoa kufuli zote tatu kwa mguso mmoja.

Stori ya kweli basi inasomeka hivi: "Kama mwanachama, nataka kusikia au kuona hisa zangu za leo kabla sijaondoka mkutanoni, ili nisije kuambiwa mwishoni mwa mzunguko kwamba sikulipa." Tazama vilivyobadilika. Mhusika si mweka hazina tena, ingawa ndiye anayeshika simu. Neno "haraka" limeondoka. Na njia ya kutimiza hitaji imeachwa wazi: labda ni ujumbe mfupi kwa kila mwanachama, labda simu isome jumla kwa sauti, labda kitabu cha mihuri kibaki kilivyo na simu ipige picha ya ukurasa. Timu ina la kujadili. Na hadithi ya nafasi zilizokatwa kwa kalamu inazaa kadi nyingine ambayo hakuna aliyeiomba: "Kama mwanachama, nataka kumbukumbu za mkutano uliofungwa zisibadilishwe na mtu mmoja, ili hesabu tulizokubaliana wote zibaki vile vile." Mwandishi wa programu mwenye mazoea angeweka kitufe cha kuhariri kila mahali, kwa nia njema kabisa. Kwa kadi hii mbele yake ataweka masahihisho yanayohitaji namba za siri za watu watatu, jambo ambalo kikundi kitalielewa bila semina.

Sababu ya kulisisitiza hili ni kwamba hitaji linalotamkwa mwanzoni mara nyingi si lile linaloishi. Majaribio ya M-Pesa nchini Kenya yalianza Oktoba 2005 na wateja wa taasisi ya mikopo midogo ya Faulu, na lengo lilikuwa wakopaji kupokea na kurejesha mikopo kwa simu. Watu walipopewa chombo mkononi, wakaanza kutumiana pesa wao kwa wao. Wengine waliweka pesa kabla ya safari na kuzitoa wakifika, wasibebe fedha taslimu njiani. Huduma ilipozinduliwa rasmi Machi 2007, mkazo ulikuwa kutuma pesa nyumbani. Kama timu ile ingejifungia kwenye orodha ya mahitaji ya wakopaji na kuhesabu kila tabia nyingine kuwa matumizi mabaya ya mfumo, sijui tungekuwa tunalipia daladala kwa nini leo.

Sasa, hiyo "ili" utaipataje? Hutaipata kwa kumuuliza mtu "unataka mfumo ufanye nini?" Swali hilo linamfanya mtu mzima abuni programu, kazi ambayo si yake, na kwa heshima atakujibu kile anachodhani umekuja kukisikia. Uliza yaliyokwisha kutokea. "Mama, mara ya mwisho hesabu zilipokataa, ilikuwaje?" Halafu kaa kimya. Atakusimulia wiki ile mhesabu fedha alipokuwa msibani, nani alihesabu badala yake, na ugomvi ulioendelea mpaka kwa mjumbe. Ndani ya simulizi hilo mna stori tatu au nne, na kila moja imekuja na sababu yake. Omba kuona daftari, na uangalie hasa pembezoni mwa kurasa, maana huko ndiko watu huandika mambo ambayo safu za daftari hazikuyawekea nafasi: "amelipa nusu", "kamuachia dada yake", "tutaongea". Kila maandishi ya pembeni ni hitaji ambalo mfumo wa karatasi ulishindwa kulibeba, na wako utashindwa vilevile usipoliona. Kompyuta iache kwenye begi siku ya kwanza. Ikifunguliwa tu, mazungumzo yanageuka kuwa mahojiano ya polisi.

Ukitoka hapo, andika kadi kwa lugha ya mazungumzo yenyewe. Nimeona timu inayofanya kikao kizima kwa Kiswahili, kisha kadi zinaandikwa kwa Kiingereza, kisha mweka hazina anapelekewa azipitie. Anatikisa kichwa na kusema ziko sawa. Hajazikubali, amezisamehe. Kadi iliyoandikwa kama alivyosema mwenyewe ataisoma na kukukatalia palepale: "Hapana mwanangu, hiyo si faini, hiyo ni adhabu ya kuchelewesha rejesho, na haiingii mfuko mmoja." Sentensi hiyo moja imekuokolea jedwali zima la hifadhidata.

Kuhusu mhusika nitapita haraka. Neno "mtumiaji" lifute kwenye msamiati wako. Taja cheo au hali: katibu, mdhamini wa mkopo, mwanachama mwenye simu ya kitochi, mtunza ufunguo. Ukiona hujui umtaje nani, ujue kuna mkutano hujauhudhuria. Na ukiona umeandika "Kama mfumo, nataka..." au, kama nilivyowahi kuona, "Kama seva, nataka...", cheka kidogo, halafu ifute.

Hapo tunafika kwenye sehemu ambayo timu nyingi huiruka, nayo ndiyo tamu kuliko zote, yaani uthibitisho. Kabla ya kuanza kujenga, mkubaliane kitu gani kikionekana mtasema stori imetimia. Dan North na Chris Matts walitupa, katikati ya miaka ya 2000, namna rahisi ya kuandika vigezo hivyo: ikiwa hali iko hivi, mtu akifanya hivi, basi kitokee hiki. Lakini muundo peke yake hautoshi. Weka namba halisi, tena namba zenye visirani.

Chukua mgao wa mwisho wa mzunguko. Kigezo cha mtu mvivu ni: "Mfumo ugawe faida kwa usahihi." Usahihi upi? Ikiwa kikundi kina wanachama 25, hisa zilizonunuliwa ni 2,400, na sandukuni mna shilingi 6,305,500, bei ya hisa inatoka 2,627 na senti kadhaa. Mwanachama mwenye hisa 110, ukiacha senti, anapata 288,970. Kwa kompyuta hesabu imekwisha. Kwa mhesabu fedha ndiyo kwanza balaa linaanza, kwa sababu hiyo sabini anaitoa wapi? Akianza kutafuta sarafu za shilingi kumi na ishirini kwa watu 25, mgao utalala.

Mwandishi wa programu atasema, tuishushe bei ya hisa hadi 2,600 iwe mviringo. Sawa, lakini hapo jumla inayogawiwa ni 6,240,000, na sandukuni zinabaki 65,500 zisizo na mwenyewe. Kikundi kikiziona hizo kitauliza ni za nani. Au mbaki na bei ya 2,627, kisha kila malipo ya mtu yashushwe hadi mia kamili, mwenye 288,970 achukue 288,900. Kwa njia hiyo kinachobaki hakiwezi kufika hata 3,200. Kiende wapi? Mfuko wa jamii? Mzunguko ujao? Soda? Swali hilo halijibiwi ofisini kwako. Linajibiwa na katiba ya kikundi, na kama katiba imenyamaza, linajibiwa na wanachama wenyewe, na utashangaa watakavyolichangamkia. Wakishaamua, kigezo chako kinaandikika: "Ikiwa sandukuni mna 6,305,500 na hisa ni 2,400, mgao ukifanyika, basi mwenye hisa 110 apate 288,900, na kilichobaki kionekane kwa jina la mfuko wa jamii na kisomwe mbele ya wote." Mjaribu anaweza kukipima kesho asubuhi bila kumpigia simu mtu yeyote. Katibu naye anaweza kukipima kwa kikokotoo chake, na ninakuhakikishia atakipima.

Kadi ya mgao yenyewe, hata hivyo, ni kubwa mno kwa wiki mbili za kazi. Bill Wake mwaka 2003 aliorodhesha sifa sita za stori nzuri, na karibu kila mafunzo ya Ajaili yanazikaririsha. Mimi nikibanwa nichague, ningeshika mbili, kwamba iwe ndogo na iweze kupimwa. Tatizo ni namna ya kuipunguza. Kosa lililozoeleka ni kuikata kwa tabaka: wiki hii hifadhidata, ijayo skrini, inayofuata hesabu. Kwa wiki zote hizo hakuna kitu cha kumwonyesha mweka hazina, na siku anapoonyeshwa ndipo anakumbuka kusema kwamba wanachama wenye madeni hukatwa kwanza.

Ikate kwa matukio. Kipande cha kwanza ni mgao wa kikundi ambacho mikopo yote imerejeshwa na hakuna aliyejitoa, nacho kinaonyesha orodha ya majina na kiasi tu, bila mapambo. Kiko hai, kinatumika, kinabishaniwa. Kipande cha pili, mwanachama mwenye deni linalokatwa kwenye hisa zake. Cha tatu, aliyejitoa katikati ya mzunguko. Cha nne, aliyefariki, na hapo usiandike chochote mpaka umezungumza na wazee wa kikundi, maana suala la warithi lina mambo ambayo hayakai kwenye kadi. Anza na kinachotokea mara nyingi. Jeff Patton aliandika kitabu kizima, kilichotoka mwaka 2014, juu ya kupanga stori ukutani kwa mfuatano wa shughuli za mtu kuanzia mwanzo wa siku yake hadi mwisho. Hata bila kukisoma, jaribu tu kuzibandika kadi zako kwa mfuatano wa mkutano wa kikundi, kuanzia kufungua sanduku hadi kulifunga. Mapengo utayaona kwa macho.

Si kila kazi inastahili kuwa stori. Kubadilisha toleo la hifadhidata, kuhamisha seva, kusafisha msimbo uliooza, hizo ziandike kama kazi za kawaida na sababu zake kwa sentensi moja. Kuzivalisha "Kama... nataka... ili..." ni mchezo wa kuigiza. Vilevile sheria. Tanzania ina Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018, inayoviweka vikundi vya kijamii katika daraja lake la nne, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Kenya ina sheria yake ya ulinzi wa data ya mwaka 2019. Mama mweka hazina hatakuomba umlinde na makosa ya taarifa binafsi. Masharti hayo yasome mwenyewe, yaandike mahali pamoja, na kila stori ipite mbele yake.

Kuna pingamizi ninalolisikia sana, hasa kwa wanaofanya kazi za zabuni na miradi ya wafadhili: mteja anataka andiko la mahitaji la kurasa nyingi, limesainiwa, kabla ya malipo ya awamu ya kwanza. Ni kweli, na kadi ishirini za karatasi ngumu hazitampendeza mkaguzi. Mpe andiko lake. Lakini ndani ya andiko, saini iwekwe kwenye zile "ili": mwanachama ajue hisa zake kabla ya kuondoka, kumbukumbu zisibadilishwe na mtu mmoja, mgao umalizike siku ileile. Skrini na vitufe viwekwe kwenye kiambatisho, pamoja na aya inayosema vinaweza kubadilishwa kwa makubaliano ya pande mbili. Wateja wengi hukubali, kwa sababu hata wao huwa hawana hakika na vitufe. Asipokubali, basi angalau umejua mapema kwamba unajenga kwa mkataba wa bei na orodha isiyobadilika, na hapo hesabu ya gharama yako iwe na nafasi ya kupumua.

Stori ikishaingia sokoni, usiifunge siku ya kupitishwa na mjaribu. Ipe mikutano minne mitano ya kikundi, kisha rudi ukakae nyuma kama mwanzo. Je, watu wanaondoka wakijua hisa zao? Kama wanaondoka wanajua kwa sababu katibu bado anasoma kwa sauti kutoka kwenye daftari na simu iko mfukoni, andika hivyo kwenye kadi, irudishe ubaoni, na safari hii mwite katibu mje mjadiliane pamoja.